Haki ya Kale katika Pwani Yetu

Katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani pana desturi ya wataalamu kukutana mara kwa mara, mwaka hata mwaka, ili kuzungumza juu ya sheria, uchumi na maisha ya watu wa zamani sana, yaani zama za Wayunani, Warumi, Wamisri na jirani zao. Huyu huleta kipande cha mafunjo kilichofukuliwa mchangani, yule huleta nakala ya jiwe lililochorwa ushuru wa mji, na wote huketi kuulizana: Watu hawa walikopeshana kwa masharti gani? Ni nani aliyekuwa na haki ya kutoza kodi, na haki hiyo aliipata wapi? Mjane alibaki na nini? Sisi walimu wa shule za Temeke na Kinondoni hatuna mafunjo wala mawe ya namna hiyo, lakini tulipopata habari za mikutano hiyo tuliona ya kuwa maswali yake si mageni kwetu hata kidogo. Ndiyo yale yale yaulizwayo kila siku mbele ya wajumbe na wenyeviti wa mitaa, Tandika na Mbagala, Mwananyamala na Tandale. Basi tukaazimia kuwa na mikutano yetu wenyewe, Jumamosi ya pili ya kila mwezi, katika darasa moja tulilopewa ruhusa ya kulitumia.

Siku ya kwanza tulikuwa saba: walimu wa historia watatu, wa uraia mmoja, wa hesabu mmoja, wa Kiswahili mmoja, na mzee mmoja aliyekwisha kustaafu ambaye kwao ni Mbwamaji, ile iliyokuwa zamani katika Wilaya ya Temeke na sasa imo katika Wilaya ya Kigamboni. Ulitokea ubishi juu ya kitu cha kusoma. Mmoja alitaka sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, kwa kuwa zatajwa katika kila kitabu cha historia. Mwingine alitaka Torati, kwa kuwa kila mmoja wetu anayo nyumbani. Mzee akatusikiliza mpaka tukachoka, kisha akasema, "Wanangu, mbona mwasafiri mbali hivyo kabla hamjavuka kivuko? Hakuna maandiko ya zama hizo yaitajayo pwani hii?"

Yapo. Katikati ya karne ya kwanza baada ya kuzaliwa kwake Kristo, mfanya biashara mmoja aliyekaa Misri, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika kwa Kiyunani kitabu kidogo cha sura 66 fupi fupi, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, yaani mwendo wa kuzifuata pwani za bahari hiyo. Nakala iliyotufikia iliandikwa kwa mkono katika karne ya kumi, nayo yatunzwa Heidelberg, Ujerumani. Si kitabu cha hadithi. Ni kitabu cha mtu wa soko: bandari fulani iko wapi, upepo wa kwenda huko ni wa mwezi gani, watu wake wanunua nini na wauza nini, na mkubwa wao ni nani. Pwani yetu aiita Azania, na soko la mwisho la pwani hiyo aliita Rhapta. Sisi tulikisoma katika tafsiri mbili za Kiingereza, ya Schoff ya mwaka 1912 na ya Casson ya mwaka 1989, tukawa tukiandika ubaoni kila sentensi kwa Kiswahili kabla ya kwenda mbele. Kazi hiyo ilitupotezea saa nyingi, lakini hatukujuta, maana sentensi ambayo mtu aielewa kwa Kiingereza mara nyingi humkimbia pale anapoitafutia maneno ya kwao.

Sehemu nyingine hazikututaabisha. Mwandishi asema jina la Rhapta latokana na vyombo vilivyoshonwa. Kwetu hilo halikuhitaji maelezo: mtepe ulikuwa chombo cha kushonwa kwa kamba za nazi, bila msumari hata mmoja, na mababu wa watu wa pwani waliuona kwa macho yao. Asema tena habari za kisiwa aitacho Menouthias, cha chini na chenye miti mingi, kwamba watu wake huvua kwa vikapu mahali pa nyavu. Mwalimu wa hesabu, ambaye ni mtu wa Kunduchi, akacheka kwa furaha akasema, "Hayo ni madema!" Na kweli, wavuvi wa Kunduchi na Mjimwema hutega madema mpaka leo. Mwandishi aongeza ya kuwa kisiwani humo mna mamba wasiomdhuru mtu. Mzee alikata shauri mara moja kwamba huyo ni kenge, nasi hatukuwa na sababu ya kumpinga. Kama kisiwa hicho ni Pemba, au Unguja, au Mafia, wataalamu hawajapatana.

Lakini tulipofika sura ya 16 tulikwama, na kukwama huko ndiko kulikotufanya tuandike makala hii. Katika sura hiyo mna sentensi mbili tatu zihusuzo utawala, nazo ndizo habari za kwanza za sheria ya pwani yetu zilizoandikwa kwa kalamu ambazo sisi twazijua. Mwandishi asema watu wa huku ni wenye miili mikubwa, na kwamba kila mahali pana mkubwa wake, naye hujiweka kama "tyrannos". Kisha asema nchi hii yatawaliwa na mkubwa wa Mapharitis, iliyo katika Arabuni ya kusini, kwa "haki fulani ya kale", kwa kuwa iko chini ya ufalme uliokuwa wa kwanza katika Arabuni. Na watu wa Muza, bandari ya Bahari ya Shamu, wameishika kutoka kwa mfalme, nao hupeleka huku vyombo vyao, wakiwatumia manahodha na mawakala Waarabu waliozoeana na wenyeji, waliooa kwao, na wenye kuijua pwani na lugha yake.

Je, "tyrannos" tumwite nani? Mwalimu wa Kiswahili hakutaka "mfalme", kwa kuwa kitabu chenyewe kina neno jingine la mfalme. "Dhalimu" halifai pia. Hiyo ni maana ya siku nyingine na ya nchi nyingine, na mwandishi hakuwa akitukana. Wengine walipendekeza "mtemi", lakini hilo ni neno la bara. Mwisho tuliandika "jumbe", kwa kuwa jumbe wa pwani alikuwa mkubwa wa mji wake tu, wala hakupokea amri kwa jumbe wa mji wa pili. Tukaona tumefanya vema, mpaka mwalimu wa uraia aliposimama akachora ngazi ubaoni: chini majumbe wa kila mahali, juu yao watu wa Muza, juu yao mkubwa wa Mapharitis, aliyeitwa Cholaibos, na juu ya wote mfalme Charibael, aliyekaa Saphar, ambaye kitabu kinamwita katika sura ya 23 mfalme wa halali wa mataifa mawili, tena rafiki wa Makaisari kwa ajili ya kuwapelekea wajumbe na zawadi. "Tazameni," akasema, "huku pwani pana wenye kujiweka, na kule ng'ambo pana mfalme wa halali. Mwandishi amekwisha kutuhukumu kabla ya kutusikiliza."

Tulibishana siku hiyo mpaka adhana ya alasiri ikasikika. Maana neno gumu si "jumbe", bali ni "haki ya kale". Ni haki gani? Iliandikwa wapi? Nani alikuwapo? Kitabu hakisemi. Na hata juu ya watu wa Muza wafasiri hawapatani. Kwa Schoff, watu hao waishika nchi chini ya mamlaka ya mkubwa wao, basi. Kwa Casson, wameipewa na mfalme nao hukusanya kodi humo. Wale wanaolitazama neno la Kiyunani lenyewe waweza pia kulielewa kwamba hao watu wa Muza ndio waliolipa, kama vile mtu alipavyo ili apewe soko alikusanye. Tofauti si ndogo. Katika maana moja babu zetu walitozwa. Katika maana nyingine wafanya biashara wa ng'ambo walinunua kwa mfalme wao ruhusa ya kuja huku peke yao, na mtu wa Rhapta huenda hakupata kusikia habari za ruhusa hiyo maisha yake yote.

Mzee wa Mbwamaji alishika maana ya pili kwa nguvu, na hoja yake yafaa kuelezwa. Alituonyesha ya kuwa katika sura ya 17 mwandishi hutaja bidhaa zilizoletwa: mikuki iliyotengenezwa Muza kwa ajili ya biashara hii, mashoka madogo, visu, maharazi, na vyombo vya kioo vya namna nyingi. Kisha asema kwamba mahali pengine huletwa pia mvinyo na ngano si haba, lakini si kwa kuuzwa, bali kwa kujipatia mapenzi ya wenyeji. "Sasa niambieni," mzee akasema, "mtawala gani huja katika nchi yake amebeba zawadi? Tena aoe kwao, ajifunze lugha yao! Huyo si mtawala, ni mgeni mwenye adabu. Sisi kwetu mgeni wa namna hiyo alitoa ada, na aliyepokea ada ndiye mwenye mji." Akatukumbusha habari za majumbe wa Bagamoyo na ada walizopewa na watu wa misafara, ambazo Mtoro bin Mwinyi Bakari alizieleza katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichopigwa chapa na Velten mwaka 1903. Akatukumbusha pia masimulizi ya kwao, ya kuwa Pazi wa Wazaramo aliwasaidia Washomvi wa pwani katika vita vyao na Wakamba, na kwamba tangu hapo Washomvi wakawa wakimpa ada. Washomvi hao walijihesabu kuwa waungwana wa mji, wala hawakuona ya kuwa ada hiyo imewafanya watumwa wa mtu.

Mwalimu wa uraia hakushindwa. Alisema haki ya kale ni kitu cha kuogopwa hasa kwa sababu haionekani. Seyyid Majid alipoanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, Mzizima ilikuwapo, na Kunduchi na Mbwamaji zilikuwapo zamani, lakini yeye alikuwa na haki yake mkononi. Wadachi walipotoa amri yao ya tarehe 26 Novemba 1895 kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya taji, walikuwa na haki yao mkononi, na neno "isiyo na mwenyewe" walilifasiri wao. "Kila aliyekuja," akasema, "alikuta mwenye kujiweka, naye akaja na uhalali wake ndani ya mfuko." Sisi tuliobaki tulisikiliza kama watazamao mchezo wa bao. Kwa maoni yetu mzee yu karibu zaidi na kitabu, na mwalimu wa uraia yu karibu zaidi na mambo yaliyofuata.

Juu ya mali zilizotoka huku tutasema kidogo tu, maana zajulikana: pembe za ndovu kwa wingi, ingawa mwandishi azihesabu kuwa duni kuliko zile za Adulis, vipusa, na magamba ya kasa, yaliyo bora baada ya yale ya Bara Hindi. Lililotuvuta zaidi ni ile mikuki. Kwa nini watu wa Azania wanunue chuma cha Muza? Kazi za wachimbuzi zimeonyesha ya kuwa katika karne zile zile palikuwa na wafua chuma huku pwani. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amechimba mahali pao, mathalani Limbo na kisiwa cha Kwale, kusini ya jiji hili. Basi haikuwa kwamba hawakujua kufua. Mwalimu mmoja alisema jibu liko Keko. Pale mafundi huchonga vitanda na makabati ya mninga yatakayokaa miaka 50, na mbele yao hupita magari yaliyobeba samani za mbao za unga kutoka ng'ambo kwenda kwenye nyumba za wenye fedha. Kitu cha mbali kina heshima yake, hata kama cha karibu ni kigumu zaidi. Hatujui kama hoja hiyo ingepita katika mikutano ya Ulaya, lakini kwetu ilipita.

Rhapta yenyewe haijaonekana. Klaudio Ptolemaio wa Iskanderia, aliyeandika katika karne ya pili, aiita mji mkuu, na ataja mto na rasi yenye jina hilo hilo. Wengine huiweka Pangani, wengine huileta karibu na Dar es Salaam, na wengine huiweka katika mafungu ya mto Rufiji, ambako Profesa Chami alipata shanga za kioo alizozieleza mwaka 1999 kuwa za Kirumi. Huko kaskazini, Ras Hafun katika Somalia, Neville Chittick alichimba mwaka 1975 vigae vya vyungu vilivyotoka nchi za mbali za zama hizo. Wanafunzi wetu hupenda sana sehemu hii, kwa kuwa kila mmoja hutaka Rhapta iwe chini ya mtaa wake. Yafaa kuwaambia, hata hivyo, kwamba makaburi ya nguzo ya Kunduchi, yaliyopambwa kwa mabakuli ya Uchina, si ya zama hizo. Ni ya karne nyingi baadaye.

Mkutano wa nne ndio ulioacha vitabu ukaingia nyumbani kwetu. Siku hiyo tulipanga kusoma mikataba. Iko Berlin hati moja ya mafunjo ya karne ya pili kabla ya Kristo, ya mkopo wa safari ya kwenda nchi ya ubani, yaani pwani ya Somalia. Wakopaji ni watano walioshirikiana, na wadhamini wao wameandikwa kila mmoja kwa jina lake na kwao. Watu hao walitoka miji mbalimbali, hata Lakedaimoni na Massalia. Iko Vienna hati nyingine, ya karne ya pili baada ya Kristo, iliyotangazwa mwaka 1985, ihusuyo mkopo wa safari ya Muziris katika Bara Hindi. Upande mmoja wa hati hiyo mna masharti ya mkopo, namna mzigo utakavyochukuliwa jangwani hata mto Nili na kuwekwa ghalani Iskanderia chini ya mhuri. Upande wa pili mna hesabu ya mzigo wa chombo kiitwacho Hermapollon, wenye thamani ya karibu drakma milioni 7 baada ya kutoa ushuru. Na ushuru wenyewe ulikuwa robo ya mali. Robo nzima! Mwalimu wa hesabu alirudia kukokotoa, kisha akasema wafanya biashara wa Kariakoo wasionyeshwe hati hiyo, au waonyeshwe, wapate kushukuru.

Tulilinganisha pia sheria ya kutosa mali baharini, ambayo Warumi waliipokea kutoka kwa watu wa Rodo: chombo kikipatwa na dhoruba, na mzigo wa mmoja ukatoswa ili wote waokoke, basi wote huchangia hasara yake. Msomaji wa Matendo ya Mitume aikumbuka meli ya Iskanderia aliyosafiri Paulo, yenye watu 276, jinsi walivyoipunguza shehena na mwisho kuitupa ngano baharini. Wengi wetu tumesoma sura ile tangu utoto, lakini hatukupata kuuliza hata siku moja ile ngano ilikuwa ya nani, na nani aliilipa.

Basi tulipokuwa katika mazungumzo hayo, mama mmoja alisimama mlangoni akabisha hodi. Ni mzazi wa mwanafunzi wetu mmoja, mjane, akaaye Mbagala. Alikuwa amesikia kwamba walimu hukutana kusoma karatasi za zamani za mauziano, naye akadhani, wala hatukuona kosa katika kudhani hivyo, kwamba twaweza kusoma na yake. Tukamkaribisha kiti. Akafungua mfuko wa nailoni, na ndani yake khanga, na ndani ya khanga bahasha, akatoa hati moja iliyokunjwa mara nne. Yeye na marehemu mumewe walikuwa wamenunua kiwanja kwa mzee mmoja mwaka 2009, wakajenga vyumba vitatu. Mzee yule alifariki, na mumewe naye akafariki; sasa mtoto wa ndugu wa yule mzee asema kiwanja kilikuwa cha ukoo, kilitoka kwa babu yao, na mzee hakuwa na haki ya kukiuza peke yake. Alikuwa na haki ya kale, kwa ufupi.

Tuliiweka hati ile mezani kando ya nakala ya zile za mafunjo. Hapakuwa na aliyesema neno kwa muda. Muundo ulikuwa ule ule: tarehe; jina la muuzaji na la mnunuzi; bei kwa tarakimu na kwa maneno; mashahidi watatu kwa upande mmoja na wawili kwa upande wa pili; alama ya kidole gumba mahali pa mhuri wa lakiri; na sahihi ya mjumbe. Waliyoiandika hawakuwahi kusikia habari za Iskanderia. Lakini kwa kuwa tumejizoeza miezi mitatu kuuliza kila hati imeacha nini, tuliona pia yaliyokosekana. Mipaka haikutajwa, ila "kiwanja kilichopo hapo". Mke wa muuzaji hakutia sahihi, na tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 mtu haruhusiwi kuiuza nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzake. Kama palikuwa na nyumba au shamba tupu, hati haikusema. Tena nakala ilikuwa moja tu.

Mwalimu wa dini, aliyejiunga nasi mwezi ule, akachukua Biblia akatusomea habari za nabii Yeremia alipolinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha: jinsi fedha ilivyopimwa mizanini, mashahidi wakatia sahihi, hati zikawa mbili, moja iliyotiwa mhuri na moja iliyo wazi, zikawekwa katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Wataalamu wasema desturi ya hati mbili, ya kufungwa na ya kufunguliwa, ilienea katika nchi nyingi za kale: ya wazi husomwa kila siku, ya mhuri hufunguliwa mbele ya mwamuzi ikiwa mtu adaiwa kuibadili ya kwanza. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, huyo nabii alikuwa na akili. Sisi tuliogopa gharama ya karani." Wahenga husema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hawakusema daftari hulipiwa na nani.

Tulimweleza wazi kwamba sisi si mawakili, na kwamba aende katika ofisi za msaada wa sheria. Alikuwa amekwenda kwingine kabla yetu, mahali tusipopataja, akaambiwa arudi kesho mara nne. Lakini liko jambo tuliloweza kulifanya. Mashahidi watano waliandikwa kwa majina yao kamili, na majina ni kazi yetu. Mwalimu wa mtaa hujua watoto wa kila mtu. Watatu walikuwa wamekwisha kufa. Mmoja alikuwa amehamia Mkuranga, na wa tano alikuwa bibi mmoja akaaye hapo hapo mtaa wa nyuma, ambaye hakuna aliyemwuliza neno kwa kuwa katika hati ameandikwa kwa jina la ubatizo na mtaani aitwa kwa jina la mwanawe. Bibi huyu ndiye aliyekuwa mke wa ndugu wa muuzaji. Akaeleza kwamba babu alikwisha kugawa shamba lile kwa wanawe wawili kabla ya kufa, akaonyesha kwa fimbo mpaka ulipopita, kutoka kisiki cha mwembe hata kwenye mfereji. Na kwamba mzee aliuza kutoka katika fungu lake, yeye mwenyewe akiwapo, ndiyo sababu akaweka dole gumba. Yule mdai ni mwanawe wa kumzaa.

Shauri lilipelekwa baraza la kata, ambalo tangu mwaka 2021 kazi yake katika mambo ya ardhi ni kupatanisha tu, si kuhukumu. Wawili wetu tuliruhusiwa kuketi nyuma. Hatutasimulia maneno yote, maana mengine ni ya nyumba ya watu. Kijana hakukataa maneno ya mama yake, lakini alisema yeye hakugawiwa kitu, na hilo nalo ni kweli: fungu la baba yake lilikwisha kuuzwa zamani, vipande vipande, na fedha zikaliwa. Mwisho wazee wa baraza waliwauliza wote wawili wataka nini. Mama akataka kukaa kwa amani. Kijana akataka atambuliwe. Wakapatana kwamba mama atoe kitu kidogo, kisichoitwa bei wala kodi, na kijana aweke sahihi yake kuwa shahidi katika hati mpya. Mzee wa Mbwamaji, tulipompelekea habari, alitutazama kwa macho ya kushinda, akasema, "Ada."

Mwalimu wa uraia hakuridhika, wala haridhiki mpaka leo. Asema mama amelipa mara mbili kwa kitu kimoja, na kwamba kila mwenye kudai kwa jina la ukoo atajifunza njia hiyo. Mwalimu wa hesabu asema alicholipa ni kidogo kuliko nauli za kwenda na kurudi kortini mwaka mzima. Tumewaachia wenyewe ubishi huo, nao huuendeleza ndani ya daladala.

Hati mpya iliandikwa na mwalimu wa Kiswahili kwa mkono wake mzuri, katika nakala tatu. Mipaka imetajwa pande zote nne, pamoja na kisiki cha mwembe. Na kwa kuwa visiki huoza, vimepimwa hatua kutoka kona ya nyumba ya jirani. Nakala moja iko kwa mama, moja kwa kijana, na ya tatu imepokewa katika ofisi ya serikali ya mtaa. Upimaji wa mtaa mzima bado kufanyika. Na sura ya 16 ingali ubaoni pamoja na tafsiri mbili za ile sentensi ya watu wa Muza, moja juu ya nyingine, tumeziandikia pembeni zisifutwe.